Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro

Fikiri kwamba wewe ni mwanafunzi wa darasa la tano katika kijiji cha Kileo, chini ya Milima ya Upare. Mwalimu amewagawa katika vikundi vitano, na kila kikundi kimepewa kipimajoto. Kazi yenu ni kupima joto la hewa kivulini, chini ya mwembe, saa 4 asubuhi. Kikundi chenu kinapima kwa uangalifu, na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 27. Mnapima mara ya pili, na jibu ni lile lile.

Mnaporudi darasani mnakuta vikundi vingine vyote vinne vimeandika nyuzi 31. Mnashangaa. Baadaye mnagundua kwamba kikundi kimoja kilikisia tu, na vingine vitatu vikanakili kutoka kwake. Hakuna hata kimoja kilichopima. Hata hivyo wenzenu wanawacheka. Wanasema haiwezekani vikundi vinne vikosee na kimoja kiwe sahihi. Je, mtaifuta 27 na kuandika 31 ili mfanane na wenzenu?

Swali hilo laonekana dogo, lakini ni moja ya maswali makubwa katika sayansi. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyekutana na swali la namna hiyo. Hakukutana nalo darasani, bali mbele ya wasomi wakubwa wa Ulaya. Nalo lilihusu mlima ambao mtu wa Kileo huuona kila anga linapokuwa safi.

Mlima ulio kaskazini ya Kileo

Simama Kileo asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, utazame upande wa kaskazini. Utauona Mlima Kilimanjaro, mrefu kuliko milima yote ya Afrika. Kilele chake kiko meta 5,895 juu ya usawa wa bahari. Juu kabisa utaona weupe unaong'aa. Weupe huo ni barafu na theluji.

Wachaga, Wapare, Wataita na Wamasai waliuona weupe huo tangu zama za kale. Kwa hiyo vitabu vinavyosema kwamba mlima huu uligunduliwa na mgeni kutoka Ulaya vinapotosha. Huwezi kugundua nyumba ambayo wenyewe wamo ndani wanapika. Lakini ni kweli kwamba miaka mia mbili iliyopita wasomi wa Ulaya hawakuwa na habari kamili za mlima huu. Mtu wa kwanza kuwaandikia kwamba juu yake kuna theluji alikuwa Johannes Rebmann.

Kukua kwake na safari ya kuja Afrika

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, kusini ya nchi iitwayo sasa Ujerumani. Huko kwao kila mwaka kuna majira ya baridi kali. Wakati huo theluji huanguka na kufunika mashamba, mapaa ya nyumba na njia. Tangu utoto wake, basi, Rebmann aliijua theluji kama wewe unavyolijua vumbi la kiangazi. Likumbuke jambo hili, kwa maana litakuwa na maana kubwa mbele.

Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya umisionari, na mwaka 1846 aliwasili Mombasa. Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kujifunza Kiswahili. Wote wawili walikaa Rabai, karibu na Mombasa, wakajifunza lugha za wenyeji na kuandika maneno yake.

Wafanyabiashara wa pwani waliokwenda bara na misafara waliwasimulia habari za mlima mkubwa ulioko katika nchi ya Wachaga. Wengine walisema kilele chake kimejaa fedha. Wengine walisema mlima unalindwa na majini, na kwamba mtu akithubutu kuupanda atakufa. Liwali wa Mombasa naye alimwonya Rebmann asijaribu kuupanda.

Rebmann hakuyakubali maneno hayo yote, wala hakuyakataa yote. Aliamua kwenda kutazama kwa macho yake.

Siku ya tarehe 11 Mei, 1848

Mwishoni mwa Aprili, 1848, Rebmann aliondoka Rabai akiwa na wapagazi wachache. Kiongozi wa safari alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua vizuri njia za bara. Rebmann alikuwa na mwavuli mkononi, wala hakushika silaha. Walipita nyika kavu yenye miiba, wakaivuka nchi ya Wataita, wakaendelea kuelekea magharibi.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei milima ya nchi ya Wachaga ilianza kuonekana mbele yao. Juu ya mlima mmoja Rebmann aliona kitu cheupe. Kwanza alidhani ni wingu. Wingu, kama ujuavyo, hubadilika umbo na kusogea. Kitu kile hakikusogea. Alimwuliza Bwana Kheri ni kitu gani. Bwana Kheri hakuwa na jina lake hasa, akajibu kwamba ni baridi.

Hapo Rebmann alielewa. Kitu cheupe, kilichotulia juu ya mlima mrefu, na chenye baridi: hakikuwa kingine ila theluji aliyoizoea kwao.

Hakutosheka na kuona mara moja. Katika safari hiyo alifika Kilema, mlimani hasa. Mwezi Novemba mwaka huo huo alirudi tena, akafika Machame. Aliutazama mlima kutoka karibu, mchana na hata usiku wa mbalamwezi, na weupe ulikuwa pale pale. Aliwauliza wenyeji pia. Walimwambia kwamba kwa lugha yao weupe ule huitwa Kibo, na kwamba ukiletwa chini hugeuka maji. Walimsimulia kuwa zamani chifu mmoja wa Machame alituma watu kwenda kuuchunguza. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu kwa baridi.

Tazama jinsi ushahidi ulivyoongezeka. Aliona kwa macho, akarudia kuona, akauliza wanaokaa karibu, na majibu yao yakaafikiana na aliyoyaona. Hivyo ndivyo mwanasayansi anavyofanya kazi.

Wasomi wanakataa

Rebmann aliandika habari hizo na kuzipeleka London, na mwaka 1849 zilichapishwa katika gazeti la chama cha wamisionari. Badala ya kushukuriwa, alikataliwa.

Aliyempinga zaidi alikuwa William Desborough Cooley, msomi aliyeandika sana juu ya Afrika. Cooley alisoma vitabu vingi na ramani nyingi, lakini hakufika hata siku moja katika nchi alizoziandikia. Yeye alishikilia kwamba karibu na ikweta jua huwaka kwa ukali mno, kwa hiyo theluji haiwezi kukaa huko. Mwaka 1852 alichapisha kitabu ambamo aliipinga habari ya theluji na kuonyesha kwamba Rebmann alidanganywa na mawazo yake mwenyewe. Wasomi wengine nao waliingiwa na mashaka.

Sasa tufikiri kwa haki. Je, lilikuwa kosa kuwa na mashaka? La, hasha. Katika sayansi kutilia shaka jambo jipya si kosa. Anayetilia shaka huomba ushahidi, kisha akiupata huupima. Kosa la Cooley lilikuwa jingine. Aliletewa habari za mtu aliyefika na kuona, naye akazikataa kwa sababu tu hazikulingana na fikira zake. Tena, alimvunjia heshima mtu ambaye hakuwa amesema uongo.

Na kulikuwa na jambo ambalo lingemsaidia Cooley. Katika Amerika ya Kusini, nchini Ecuador, kuna mlima uitwao Chimborazo. Mlima huo uko karibu na ikweta kuliko Kilimanjaro, nao una theluji kileleni. Mwanasayansi Alexander von Humboldt alijaribu kuupanda mwaka 1802, na habari zake zilijulikana Ulaya. Kama theluji yaweza kukaa juu ya Chimborazo, kwa nini isikae juu ya Kilimanjaro?

Kwa nini kileleni kuna baridi?

Wewe wa Kileo unaweza kulijibu swali hili bila kufika Ulaya wala Amerika. Je, umewahi kupanda kutoka Kileo kwenda Ugweno au Usangi? Chini tambarare joto ni kali. Huko juu jioni watu hujifunika nguo nzito. Jua ni lile lile. Tofauti iko wapi?

Jua hupasha joto ardhi kwanza. Kisha ardhi hupasha joto hewa iliyo karibu nayo. Hewa yenye joto hupanda juu, na kadiri inavyopanda hutanuka na kupoa. Kwa wastani, ukipanda meta 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi.

Haya, tufanye hesabu. Kutoka tambarare ya Kileo mpaka kilele cha Kilimanjaro ni kama meta 5,000 kwenda juu. Tuseme leo mchana joto la Kileo ni nyuzi 30.

Kupungua kwa joto: 5 x 6 = nyuzi 30.
Joto la kileleni: 30 - 30 = nyuzi 0.

Maji huganda kwenye nyuzi 0. Usiku Kileo hupoa, na kileleni joto hushuka chini ya hapo. Ndiyo sababu mvua ya kule juu huanguka kama theluji, ijapokuwa mlima uko karibu na ikweta. Hesabu hii ndogo yakubaliana na macho ya Rebmann, nayo yapingana na kitabu cha Cooley.

Rebmann hakubadili maneno yake

Rebmann alikuwa mtu wa kawaida, hana cheo wala jina kubwa. Ingekuwa rahisi kwake kuandika kwamba labda alikosea, labda yalikuwa mawingu au mawe meupe. Wasomi wangeacha kumcheka, na jambo lingekwisha. Lakini alijua alichokiona. Aliendelea kusema kwamba ni theluji. Hakupunguza neno ili apendwe, wala hakuongeza chumvi ili asadikiwe upesi.

Krapf alisimama pamoja naye. Mwezi Novemba, 1849, yeye mwenyewe aliuona Kilimanjaro wenye theluji. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona na Mlima Kenya, ambao pia una weupe kileleni. Yeye naye hakusadikiwa.

Hata hivyo usidhani kwamba Rebmann hakukosea kamwe. Karibu na mwaka 1855, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani ya bara la Afrika ya Mashariki. Walionyesha ziwa moja kubwa mno, kwa kufuata masimulizi ya wasafiri. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walianza safari ya kuchunguza, na hatimaye ikajulikana kwamba maziwa makubwa ni matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Habari za ziwa Rebmann alizisikia, theluji aliiona. Unapoandika habari za sayansi, tenganisha daima uliyoyaona na uliyoyasikia. Na ushahidi mpya ukionyesha kwamba umekosea, ukubali. Kushikilia ukweli si sawa na kuwa mbishi.

Ukweli unadhihirika

Miaka ilipita. Mwaka 1861 Mjerumani mmoja, Karl Klaus von der Decken, alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza. Waliupima urefu wa mlima kwa vyombo, wakaona kwamba una theluji. Mwaka 1862 von der Decken alirudi pamoja na Otto Kersten. Walipanda zaidi ya meta 4,000, na huko juu theluji iliwaangukia. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu Rebmann alipoiona. Hata hapo Cooley hakuridhika, lakini wasomi wengi waliukubali ukweli. Kumbuka kwamba theluji ilikuwako wakati wote, waliposadiki na walipokataa. Ukweli wa mambo ya asili haupigiwi kura.

Tarehe 6 Oktoba, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Inasemekana kwamba katika safari hiyo waliongozwa mlimani na Mchaga, Yohani Kinyala Lauwo. Lakini Rebmann hakuishi kuiona siku hiyo.

Mwisho wa maisha yake

Rebmann alikaa Afrika ya Mashariki karibu miaka ishirini na tisa bila kurudi kwao. Wenzake wengi waliondoka au walifariki. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Yeye aliendelea kukaa Rabai akikusanya maneno ya lugha za Afrika na kuyaandika.

Polepole macho yake yalidhoofika, mpaka akawa kipofu. Mwaka 1875 alirudi Ulaya akisindikizwa na kijana wa huku, Isaac Nyondo, aliyemshika mkono njiani. Macho yaliyoiona theluji ya Kilimanjaro hayakuona tena kitu. Alifariki tarehe 4 Oktoba, 1876, mjini Korntal, karibu na mahali alipozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Theluji leo, na kazi yako

Lau Rebmann angesimama Kileo leo, angeona weupe mdogo kuliko ule aliouona. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro wameona kwamba tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kila kumi zimetoweka. Tunalijua jambo hilo kwa sababu watu wa nyakati mbalimbali walipima na kuandika kwa uaminifu. Kama wangeandika ya kuwapendeza wakubwa au marafiki, leo tusingejua lolote.

Sasa turudi chini ya mwembe. Kipimajoto chenu kilionyesha nyuzi 27. Wenzenu wanne wameandika 31, nao wanawacheka. Msiwatukane, wala msifute jibu lenu. Mwambieni mwalimu mlivyopima, kisha waalikeni wenzenu mpime pamoja. Ikiwa nyinyi mmekosea, kipimajoto kitaonyesha. Ikiwa wao wamekosea, kitaonyesha vile vile. Lakini andiko lenu na liwe lile mliloliona.

Jaribio

Vyombo: kipimajoto, daftari, kalamu.

1. Chagueni mahali penye kivuli nje ya darasa. Tundikeni kipimajoto, kisiguswe na jua wala mkono.
2. Kwa muda wa siku tano, pimeni joto saa 1 asubuhi na saa 8 mchana. Kila mmoja asome kipimajoto peke yake na kuandika bila kutazama daftari la mwenzake.
3. Linganisheni majibu. Mkitofautiana, msibadili lililoandikwa. Someni tena pamoja, na muandike jibu la pili chini ya la kwanza.
4. Tafuteni sababu ya tofauti. Je, kila mmoja alisoma macho yake yakiwa sawasawa na zebaki au spiriti iliyo katika kipimajoto?

Maswali

1. Kwa nini ilikuwa rahisi kwa Rebmann kuitambua theluji?
2. Rebmann alijuaje kwamba weupe aliouona haukuwa wingu?
3. Taja mambo matatu yaliyokuwa ushahidi kwamba juu ya Kilimanjaro kuna theluji.
4. Eleza tofauti kati ya kutilia shaka na kukataa ushahidi. Cooley alifanya lipi?
5. Kilele cha Shengena, katika Milima ya Upare ya Kusini, kiko meta 2,462 juu ya usawa wa bahari. Ikiwa joto la mahali palipo meta 1,000 kutoka usawa huo ni nyuzi 28, kadiria joto la kilele cha Shengena. Je, theluji yaweza kukaa huko?
6. Ni kosa gani lililokuwamo katika ramani ya mwaka 1855? Lilitokana na nini?
7. Je, umewahi kushawishiwa kuandika au kusema jambo ambalo hukuliona? Ulifanya nini? Ungefanya nini sasa?

Maneno ya kujifunza

Ikweta: mstari wa kuwaziwa unaoizunguka dunia katikati.
Kukisia: kutoa jibu bila kupima.
Theluji: maji yaliyoganda hewani na kuanguka kama chembe nyeupe laini.
Ushahidi: jambo linaloonyesha kwamba habari ni ya kweli au si ya kweli.